Titi la Plastiki na Mkwe Wetu

Dada yangu Yustina,

Nimekuja kukueleza habari za titi langu la kushoto, na kwa kuwa nakujua, nakuomba usigeuze uso. Tungekuwa tumekaa kwenye jamvi kule kwako Kaoze, ungeshanifinya paja na kuninong'oneza, "Skola, sema taratibu, kuna watu." Ni kweli kuna watu, maana barua hii nimeiacha wazi na anayetaka kusoma asome. Lakini wewe umelala huko bondeni kwenye joto lako, nami niko Katandala, huku juu mjini, nimevaa koti ndani ya nyumba kwa sababu ya upepo wa Juni, na mkono wako haunifikii.

Wewe ndiye uliyenifundisha kulificha. Nilipoanza kuota matiti nilikuwa bado nakimbizana na wavulana kwenye mashamba ya ulezi, sijui hili wala lile. Uliniita nyuma ya ghala, ukachana kanga kuukuu ya mama, ukanifunga kifua hadi pumzi ikagoma. "Sasa umekuwa mtu," ulisema. Nikakuuliza jana nilikuwa nani. Ulinipiga kibao cha bega, kisha tukacheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Tukienda kuoga mtoni ulinipa mgongo na kulinda njia, umeshika fimbo kama mlinzi wa benki. Zamu yako ikifika hukukubali nilinde mimi. Ulisema nikiona ndege nasahau kazi, na hilo lilikuwa kweli.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza ulipanda kutoka Kaoze kwa lori la mpunga, ukafika umejaa vumbi hadi kwenye nyusi, ukanikuta nalia na mtoto analia. Hukuuliza kitu. Ulinawa mikono, ukamgeuza mtoto, ukamwelekeza mdomo mahali pake. "Mshike kama mtu, usimshike kama debe." Mtoto akanyonya, nami nikalala. Hiyo ndiyo mara ya mwisho mtu mwingine wa nyumbani kuliona titi langu hadi mwaka huu.

Sasa nimfikie mkwe wetu, maana bila yeye barua hii haina safari. Kwa faida ya wasiotujua: Deo alimwoa Restituta, binti yako, na kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa baina yao. Wewe uliifuata heshima hiyo kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Ukimwona Deo kwa mbali unaingia kwenye mahindi ya watu, unasubiri apite. Akija kusalimia unaitikia "marahaba, baba" ukiwa nyuma ya mlango, na mlango huo ungeweza kuupa zawadi ya utumishi mrefu. Na kwa kuwa mtoto wako ni mtoto wangu, mkwe wako ni mkwe wangu, kwa hiyo mimi pia nilikuwa na mlango wangu.

Shida ni kwamba mkwe mwenyewe ni daktari wa upasuaji, na kwa muda mrefu hapa mjini hakukuwa na mwingine wa kazi hiyo.

Ulipopata uvimbe wa titi ulipanda tena kwenye lori, ukafika hospitalini, na jioni yake ukarudi Kaoze bila hata kupita kwangu. Tulipokuuliza ulitujibu jibu moja kila mara: "Sikumwonyesha. Mimi nimvulie nguo mkwe wangu?" Deo alituma ujumbe kupitia kwa Resti kwamba uende Mbeya ukaonane na daktari mwingine. Ulisema baada ya mavuno. Mpunga ukavunwa, ukasema ukishapepetwa. Ulipokubali kwenda walikutazama wakaturudisha nyumbani. Mimi ndiye niliyekuogesha siku za mwisho, na nilichokiona sitakiandika hapa.

Nilikukasirikia, dada. Nilikukasirikia siku ya mazishi, watu wakiimba, na niliendelea kukukasirikia nikisahihisha madaftari, nikipika, nikiwa kanisani. Watu walisifu adabu yako. Mimi niliona mwanamke aliyekufa kwa kuona haya, na sikuwa na wa kumwambia.

Kisha zamu ikawa yangu. Niliukuta uvimbe wakati naoga, upande wa kwapa, mdogo tu. Safari hii sikungoja mavuno. Nilikwenda hospitalini kwa sista mmoja, muuguzi mzee, akanishika, akanipeleka kwa mwenzake, wakachukua kinyama wakakipima. Jibu lilikuwa lile ambalo wewe hukupewa nafasi ya kulisikia mapema. Sista alinieleza bila kuzunguka: ni saratani, bado ndogo, inaweza kutolewa na titi likabaki, mradi mpasuaji ajue sawasawa iko wapi. Mbeya wangeweza kunipasua lakini foleni yao ni ndefu, na Sista aliona kungoja ni hatari. Nikamuuliza nani hapa anaiweza. Akanitazama kwa huruma, maana mji huu ni mdogo na kila mtu anajua nani mkwe wa nani.

Ujumbe ulianza kupita jikoni. Deo anamwambia Resti, Resti ananiambia mimi huku anamenya viazi, mimi namjibu Resti, Resti anarudi kwa mumewe. Kwa njia hiyo nilipata habari kwamba kule Mbeya Deo ana rafiki aliyesoma naye, na kwamba huko wanaweza kupiga picha za titi, kisha kulichapa. "Kulichapa?" nilimuuliza Resti. "Ndiyo, mama mdogo. Anasema litatoka kama lilivyo." Nilidhani mtoto amechoka.

Nilikwenda. Huko Mbeya binti anayepiga picha alinieleza jambo ambalo hata wewe ungelielewa. Kwa kawaida mgonjwa wa titi hulazwa kifudifudi kwenye mashine, titi likaning'inia, na picha inaonekana vizuri. Lakini hakuna anayepasuliwa akiwa kifudifudi. Kwenye meza ya upasuaji unalala chali, titi linamwagikia upande wa kwapa, na uvimbe unahama pamoja nalo. Daktari akifuata ile picha ya kwanza anaweza kuutafuta mahali ambapo haupo. Kwa hiyo walinipiga picha namna zote mbili, na ile ya chali mkono wangu ulinyooshwa pembeni vilevile nitakavyolazwa siku yenyewe. Mashine inagonga kama mafundi wa mabati. Nilifumba macho nikasali rozari, nikapoteza hesabu nikaanza upya.

Baadaye alinionyesha picha kwenye kompyuta. Zilikuwa vipande vingi vyembamba, kimoja juu ya kingine, na zikipangwa pamoja zinafanya umbo. Hapo hakuhitaji kunifundisha. Kazi yangu yote maishani imekuwa kuwaeleza watoto wa sekondari jinsi mistari ya kontua inavyojenga mlima. Tofauti ni kwamba safari hii mlima ulikuwa wangu, na kwa umri wangu huu ni kilima tu.

Mashine ya kuchapa iko chumba kingine. Inatandaza plastiki tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama ganda la kitunguu, bila haraka, kutwa nzima. Nilirudi kesho yake nikakabidhiwa vitu viwili. Cha kwanza titi lenyewe, la plastiki inayopitisha mwanga, na ndani yake uvimbe wa bluu, mkubwa kama punje ya haragwe. Cha pili kikombe chepesi cha kukaa juu ya ngozi yangu na si ya mtu mwingine, kina matundu. Siku ya upasuaji kitavishwa, watapitisha wino kwenye matundu, na alama zitaonyesha uvimbe umelala wapi na kisu kiishie wapi. Nililishika lile titi mkononi. Sikuhisi huzuni wala aibu. Nilihisi kama nimeshika kitu cha mwanamke fulani ninayemfahamu kidogo.

Nikalifunga kwenye kanga, nikalitia kwenye begi, nikapanda basi. Karibu na Tunduma tukasimamishwa kukaguliwa mizigo. Kijana mmoja wa ukaguzi akafungua kanga, akatazama, akageuza.

"Mama, hii ni nini?"

"Titi langu," nilimwambia.

Alilifunga upesi kuliko alivyolifungua, akanitakia safari njema. Ungekuwapo ungeshuka kwenye basi ukatembea kwa miguu mpaka Laela.

Jumapili baada ya misa ukoo ulikaa sebuleni kwangu, maana mtu hapasuliwi kwetu bila kikao. Ukoo wenyewe sasa ni baba mdogo Odilo na sisi wachache tuliobaki. Niliweka titi mezani kati ya chupa ya chai na sahani ya karanga. Baba mdogo alilitazama kwa muda.

"Hili ni la nani?"

"Langu, baba mdogo. Ni picha yake."

"Picha hutundikwa ukutani. Hii imekaa."

Wakati huohuo Resti akaingia na mumewe, ambaye alikuwa ameitwa kutoa maelezo. Baba mdogo, mzee yule, alivua kofia yake na kulifunika titi haraka, kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi. Deo akasimama mlangoni macho chini. Mimi nikatazama dirishani. Tukakaa hivyo, dada, watu wazima na akili zetu, tukiiheshimu kofia.

Baba mdogo ndiye aliyeamua. Aliuliza kama lina damu, nikasema hapana. Kama linauma likishikwa, nikasema hapana. Akaondoa kofia. "Basi hiki ni plastiki, kama ndoo. Mkwe, kaa hapo ukitazame. Hujamwona mtu." Baadaye akatoka na wenzake kwenda kuota jua uani, maana ndani kulikuwa na baridi, na Resti akaenda kuongeza chai.

Tukabaki mimi na Deo na lile titi. Kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe wetu alizungumza nami bila mtu wa kati, ingawa kusema kweli alizungumza na plastiki. Alilishika kwa mikono miwili, akalielekeza kwenye mwanga, akaonyesha kwa kalamu. "Uvimbe uko hapa, mama. Huku ndiko kwenye ukuta wa kifua, haujagusa. Nitaingilia hapa pembeni, kovu litafichwa na mkono." Alikuwa na sauti nzuri ya kufundisha. Alinionyesha atakachokata na atakachoacha, akanieleza kwamba muuguzi ndiye atakayenivisha kikombe na kunichora, kisha nitafunikwa vitambaa vya kijani mwili mzima, na yeye atakapoingia ataona sehemu ndogo tu ya ngozi yenye alama. Alikuwa amepanga upasuaji mzima bila kumvunjia mama mkwe heshima.

Nilipaswa kushukuru. Badala yake ile hasira yangu ya zamani ikatoka. Nikasema, "Dada yangu angekuonyesha siku ile, hata yeye angekuwa hapa."

Deo aliliweka titi mezani.

"Alinionyesha, mama," alisema. "Aliingia, akakaa kitandani, akaanza kufungua vifungo. Mimi ndiye niliyetoka."

Nikamuuliza alitoka kwenda wapi.

"Nilimwambia naenda kumwita muuguzi. Nilikwenda nikasimama kwenye korido. Nilijiambia ni mama yake Resti, siwezi. Niliporudi na muuguzi, kitanda kilikuwa kitupu. Kisha nikasikia amesema nyumbani kwamba yeye ndiye aliyekataa. Nikanyamaza."

Dada, nilichukua kikombe changu cha chai nikakipeleka jikoni ingawa hakikuwa kimeisha. Nilisimama karibu na jiko nikakuona: umevaa gauni lako la misa, umeamua jambo gumu kuliko yote uliyowahi kuamua, vidole viko kwenye kifungo cha pili, na mlango unafungwa. Ulifikiri umemdhalilisha. Ukaja ukajitwika lawama, ili pasiwe na mtu wa kumwambia Resti kwamba mume wake alimkimbia mama yake. Na mimi nikakukasirikia kwa uongo ule miaka yote hii.

Niliporudi sebuleni Deo alikuwa amesimama. "Mama ukitaka daktari mwingine, nitakuandikia rufaa leo. Sitakuwa na neno."

Nilifikiri. Huyu ndiye aliyemwacha dada yangu, na huyu ndiye pekee anayeweza kunipasua kabla haragwe halijawa kitu kingine. Nilitamani kumchukia, na ingekuwa rahisi, lakini nilikumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyotazama dirishani dakika chache nyuma kwa sababu ya kofia.

"Resti anajua?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Mwambie kwanza. Ukishamwambia, utanipasua."

Alimwambia. Najua kwa sababu siku iliyofuata Resti alikuja kwangu na begi, akakaa wiki nzima, akiosha vyombo kwa kishindo hadi nikahofia sahani zangu. Hakusema neno juu ya mumewe nami sikumuuliza. Jumamosi alikunja kanga zake. "Narudi, mama mdogo. Nina hasira bado, lakini nitakuwa nayo nikiwa kwangu." Alikuwa na uso wako kabisa. Kabla sijaandika barua hii niliwauliza wote wawili kama naweza kuliweka jambo hili wazi. Resti alisema niandike. Deo alisema hata jina lake nisilifiche.

Upasuaji ulikwenda kama ulivyopangwa. Muuguzi alinivisha kikombe kile, kikakaa pasipo kucheza hata kidogo, wino ukapita kwenye matundu. Nilikiona kitambaa cha kijani kikishuka, nikasikia sauti ya Deo nyuma ya pazia ikiwasalimia wenzake, na baada ya hapo sina habari. Uvimbe ulipelekwa maabara. Majibu yaliporudi, kingo zilikuwa safi, maana yake hakuna kilichoachwa pembeni. Bado nina safari ya mionzi, nitakaa mbali na nyumbani, na hakuna aliyeniahidi kitu. Lakini titi lipo, kovu limefichwa na mkono kama alivyosema, na asubuhi natembea mpaka shuleni.

Kuna jambo moja limebaki nalo ndilo lililonikalisha hapa.

Baada ya upasuaji kidonda kilikuwa kinasafishwa na wauguzi, na Deo anauliza maswali akiwa nje ya pazia. Kinatoa maji? Kina joto? Tuliona jambo hilo ni la kawaida. Kisha siku moja kikavimba, kikawa chekundu, na muuguzi akasema hawezi kuamua peke yake. Titi la plastiki lilikuwa kabatini ofisini kwa Deo, lakini lile halikuwa na kidonda. Halikuweza kutusaidia tena.

Pazia likasogezwa. Deo akaingia, akanawa mikono, akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba nikuangalie kidonda."

Nilifungua vifungo mwenyewe. Nilipofika cha pili nilimwona akitazama mlango. Nilimwona, dada, na nilijua hayo ndiyo macho uliyoyaona wewe. Sikufunga. Nilimngoja. Muuguzi alikuwa ameshika trei, anasubiri kazi ianze.

Deo akavuta kiti, akakaa, akaniangalia. Alikibonyeza kidonda pembeni, akauliza panauma wapi, akasema kuna maji yamejikusanya na yatatolewa sasa hivi. Hakutoka.

Nililia. Muuguzi alidhani naumia, akaniomba nivumilie kidogo. Nilikuwa nakulilia wewe, Yustina, uliyevifunga vifungo vyako peke yako kwenye chumba kile.

Hasira imekwisha, dada. Pumzika.

Mdogo wako,
Skolastika